Nyumba inabebeka, lakini kwetu je?



Asubuhi moja ya kiangazi, hapa Goma, niliona nyumba ikishuka barabarani juu ya chukudu mbili. Sisemi vyombo vya nyumba. Nasema nyumba yenyewe. Mbao za kuta zilikuwa zimefungwa kwa kamba, mabati yamepangwa juu yake, mlango umelala chali, na dirisha limebebwa kichwani na mtoto wa shule. Nyuma alitembea mama mmoja mjane, mkononi ameshika kopo la misumari ya zamani iliyonyooshwa kwa nyundo. Kila ubao ulikuwa na alama iliyoandikwa kwa makaa: kushoto 1, kushoto 2, nyuma 1, nyuma 2. Fundi alifanya hivyo ili jioni ile ile nyumba isimame tena mahali pengine, kila ubao ukirudi karibu na mwenzake.

Watu wa kando ya njia walicheka kidogo. Kijana mmoja akasema: "Muangalie, mama anahama na nyumba yake sawa konokono!" Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua jambo hilo lilianza namna gani. Nilikuwa nimeketi katika baraza lililolijadili, tena ni mimi niliyeandika maneno ya kikao. Tangu siku ile swali moja halinitoki: mtu mwenye nyumba ya kubebeka, je, ana kwao? Kadiri ya desturi zetu, nyumba isiyoshika udongo inaweza kuhesabiwa kuwa makao ya mtu, ao ni mzigo tu uliosimamishwa kwa muda?

Naomba tulifikiri pamoja, maana katika mji huu wetu jambo hili si la mama mmoja. Avenue nzima nzima zimejengwa kwa mbao.

Shauri lenyewe

Mama huyo na mume wake walikuwa wamepewa pembe moja ya parseli ya mtu, wakilipa pesa kidogo kila mwezi. Wakajenga nyumba yao ya mbao juu ya mawe ya makoro, wakakaa hapo miaka kumi na moja. Mume akafa. Baadaye mwenye parseli naye akafa, na watoto wake wakauza udongo. Mnunuzi alikuja na karatasi zake zote. Hakuwa mtu mubaya. Hakupiga kelele wala hakuleta askari. Alisema tu: "Mama, nakupa siku tatu. Nyumba yako ni ya mabao, itoe uende nayo. Mimi sikuvunjie kitu."

Katika mawazo yake alisema haki. Kama nyumba ingekuwa ya matofali na sima, ingalifaa kuhesabu hasara na kuzungumza juu ya malipo. Lakini nyumba inayoweza kung'olewa misumari na kubebwa, hasara yake iko wapi?

Mama akajibu neno lililonyamazisha baraza: "Nyumba nitaibeba. Lakini kitovu cha mtoto wangu kiko chini ya ule muti wa avoka. Ule nao nitaubeba namna gani?"

Hapo ndipo wazee walipogawanyika.

Upande wa kwanza: nyumba ni mizizi

Mzee mmoja mwenye asili ya Bushi alianza. Alisema kwamba desturi haipimi nyumba kwa kuta zake, bali kwa udongo ulio chini yake. Zamani huko Bushi mtu alipata udongo kwa mwami ao kwa mkubwa aliye chini yake kwa kutoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe. Aliyetoa kalinzi alikaa yeye na watoto wake nyuma yake. Alijenga, alipanda migomba, na bendera ya uzima wake ilikuwa ile migomba. Lakini aliyepewa shamba kwa njia ya bwasa alikuwa mtu wa muda. Alilima maharagi, akavuna, akarudisha udongo kwa mwenyewe. Mgomba hakuruhusiwa kuupanda.

Kwa nini mgomba? Sababu ni wazi. Maharagi yanakwisha kwa msimu mmoja, lakini mgomba unazaa vitoto, na vitoto vinazaa vingine, hata mjukuu anakuja kula. Mgomba ni shahidi asiyekufa upesi. Anayeuruhusu juu ya udongo wake amekwisha kukubali kwamba jirani huyu ni wa kukaa.

"Basi," mzee akasema, "nyumba ya mabao njo bwasa ya leo. Ule anayejenga kwa mabao anajua moyoni kwamba atatoka. Na ule muti wa avoka, nani alimupa ruhusa ya kuupanda?" Akaongeza kwamba vijana wa leo wanapenda mbao kwa sababu hawataki kufungwa na mahali. Matanga yakifika, hakuna kiwanja cha kupokea watu. Ukoo ukija, hakuna pa kulala. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Mtu anayebeba nyumba mgongoni, kwake ni wapi atakapokataa ao kukubali?

Maneno hayo yana uzito. Nyumba ya asili haikuwa tu mahali pa kukwepa mvua. Hapo palikuwa na mafiga matatu, makaburi ya wakubwa nyuma ya ua, kitovu cha mtoto kilichozikwa, na njia inayojulikana na wageni. Mtu alipoulizwa, "Wewe ni wa wapi?", alitaja kilima, na kilima kilimtambulisha kuliko jina lake.

Upande wa pili: hata babu zetu walihama

Fundi kijana, yule yule aliyekuja baadaye kuandika namba kwa makaa, aliomba neno. "Mzee wangu, unisamehe. Mimi ni mutoto hapa. Lakini nyumba za babu zetu zilikuwa za nini? Zilikuwa za miti, majani na udongo. Zilidumu miaka mingapi?"

Nilipenda swali hilo, kwa sababu linagusa kitu tunachosahau. Sisi leo tukisema "nyumba ya asili" tunafikiri kitu kisichosogea. Kumbe katika sehemu nyingi za nchi yetu, hasa upande wa misitu, vijiji vilisogea. Shamba lilipochoka, watu walifungua lingine mbele zaidi, na nyuma ya muda kijiji kilifuata shamba. Vifo vikizidi mahali, ao mkubwa akifa, watu walihama. Nyumba iliachwa ioze, miti mizuri ilichukuliwa, na moto wa jikoni ulibebwa kwenda kuwasha mafiga mapya.

Ni wakati wa Wabelgiji ndipo vijiji vingi viliondolewa porini na kupangwa mstari kandokando ya barabara, ili watu wahesabiwe, walipe kodi na kufanya kazi za njia. Kijiji kilichonyooka kama kamba, ambacho vijana wetu wanakiita cha asili, mara nyingi ni kazi ya mtawala. Kwa hiyo tusiseme haraka kwamba kukaa tuli ndiyo desturi na kuhama ndiyo upotevu. Hapo mwanzo watu walihama kwa kupenda kwao wenyewe. Halafu wakakazwa mahali pamoja kwa kulazimishwa.

Tuangalie pia Wambuti wa Ituri. Nyumba yao ni vijiti vilivyopindwa na kufunikwa majani ya mangongo, na wanaoijenga ni wanawake, kwa muda wa saa chache tu. Kambi inakaa majuma kadhaa, halafu watu wanasogea kufuata nyama, asali na matunda. Mtaalamu Colin Turnbull, aliyekaa nao karibu na Epulu na kuandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka wa 1961, alieleza kwamba mwanamke akikosana na jirani anaweza kugeuza mlango wa nyumba yake utazame upande mwingine. Kambi yote inasoma ugomvi kwa kuangalia milango! Na ugomvi ukizidi, wakati wa kuhama watu wanagawanyika kwa amani, kila mmoja akienda na wale anaopatana nao. Nani kati yetu, mwenye ukuta wa sima na majirani asiosalimiana nao, anaweza kusema kwamba watu hao hawajui maana ya kukaa pamoja?

Mji uliofundishwa na moto

Kuna sababu nyingine, nayo ni yetu hapa. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma. Ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaharibu kanisa kuu la Wakatoliki, ukawaacha makumi ya maelfu ya watu bila nyumba. Sima haikusaidia. Watu waliporudi juu ya makoro yenye joto bado, wengi walijenga kwa mbao: kuchimba msingi katika jiwe lile ni kazi ngumu, pesa zilikuwa chache, na mioyo ilikuwa na hofu. Halafu, tarehe 22 Mei 2021, mlima ulitapika tena, vijiji vya upande wa kaskazini vikaungua, na tarehe 27 Mei amri ilitolewa kwamba sehemu kubwa ya mji iondoke. Watu walikwenda Sake, Rutshuru, Minova, Gisenyi, kila mmoja na alichoweza kubeba. Tena, zaidi ya mlima, kuna vita, ambavyo vimehamisha watu wengi kuliko moto.

Mtu aliyepita katika hayo akijenga kwa mbao, tusimwite mvivu. Amehesabu. Ubao wa mkaratusi unaweza kuuzwa, kubebwa, kurudishwa msumari. Matofali hayana huruma hiyo.

Kwingine wamejaribu nini?

Wengine watasema kwamba wazungu nao wana nyumba za kuhamishika, tena nzuri, na kwamba hayo ndiyo maendeleo. Tuangalie vizuri. Marekani mamilioni ya watu wanakaa katika nyumba zinazotengenezwa kiwandani na kuletwa kwa gari. Wengi wao wana nyumba, lakini udongo ulio chini wanaukodi. Mwenye kiwanja akipandisha bei, wafanye nini? Kuihamisha nyumba kunaomba maelfu ya dola, na nyumba iliyozeeka inaweza kuvunjika njiani. Basi inaitwa ya kuhamishika, lakini mwenyewe hawezi kuihamisha. Anayehamishika ni yeye.

Ufaransa kuna familia zinazoishi katika karavani tangu vizazi vingi. Sheria ya tarehe 5 Julai 2000 iliagiza kwamba komine zenye watu zaidi ya 5.000 zishiriki katika kutayarisha mahali pa kuwapokea. Serikali iliona kwamba haitoshi kusema mtu ana ruhusa ya kutembea na nyumba yake. Ni lazima kuwe na mahali atakaposimamisha magurudumu bila kufukuzwa asubuhi.

Hayo mawili yanatuonyesha kitu kimoja. Ubaya ao uzuri wa nyumba ya kubebeka hauko katika nyumba. Tuulize kwanza: nani anaamua siku ya kuondoka?

Nyumba na kwetu

Lugha yetu yenyewe inaweza kutusaidia. Kiswahili kina neno "nyumba", na kina neno "kwetu". Si kitu kimoja. Nyumba ina mwenyewe: nyumba yangu, nyumba ya mama, nyumba ya kupanga. Lakini mtu akitaja mahali alipotoka, hata kama ni yatima asiye na ndugu, atasema "kwetu". Hasemi hivyo kwa kujikuza. Anasema hivyo kwa sababu kwetu hakujengwi na mtu mmoja. Kunajengwa na wale wanaojua kwamba wewe uko pale: jirani anayekuuliza kwa nini leo moshi haukutoka jikoni, mkubwa wa avenue aliyekuandika, mama uliyemsaidia kuzaa usiku, wenzako wa likelemba, mtoto aliyezikiwa kitovu chini ya mti.

Mzee wa Bushi alisema kweli kwamba mtu anahitaji mizizi. Fundi naye alisema kweli kwamba mizizi haiko katika ukuta. Lakini wote wawili walikuwa wakizungumza juu ya mbao na matofali, na mnunuzi pia. Yeye aliona nyumba inabebeka, akadhani kwao mama yule nako kunabebeka. Hapo ndipo kosa lilipo. Mbao zilikuwa za mama, na kweli aliweza kuzibeba. Miaka kumi na moja ya ujirani haikuwa yake peke yake, wala haikufungika kwa kamba juu ya chukudu.

Ndiyo sababu mimi nasema: nyumba ya kubebeka ni uhuru mzuri mkononi mwa anayekaa ndani yake. Mikononi mwa mwingine inaweza kugeuka silaha. "Chukua nyumba yako uende" ni neno jepesi kutamka mbele ya nyumba nyepesi.

Tusidhani ni neno dogo. Limekwisha kutamkwa mbele ya watu wengi. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka wa 1970 na kupanuliwa mwaka wa 1975, familia za Wambuti (Batwa) waliokaa ndani ya msitu ule ziliondolewa. Nyumba zao zilikuwa za majani. Hawakuwa na migomba ya kuonyesha, wala karatasi. Kwa macho ya wakubwa wa ofisi, watu wanaohamahama hawana mahali, basi kuwaondoa si kuwanyang'anya. Kumbe msitu wote ulikuwa kwao. Tena, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba udongo ni mali ya Serikali, na anayetaka haki juu yake aombe karatasi. Mtu wa nyumba ya majani angeomba karatasi ya parseli gani? Imepita karibu nusu karne mpaka sheria ya tarehe 15 Julai 2022 ije kulinda haki za hawa ndugu zetu. Tumeona basi: wepesi wa nyumba ulichukuliwa kama ushuhuda kwamba mwenyewe hana haki.

Na sisi wa mji tunafanya vile vile bila kujua. Kijana akienda kuposa, wazazi wa binti wanauliza: "Iko na nyumba ya namna gani?" Akisema ya mbao, wanaguna. Katika baraza la avenue, neno la mwenye ukuta wa sima linasikilizwa mbele ya neno la mwenye mbao, hata kama wa mbao amekaa hapo miaka ishirini na yule wa sima amefika jana. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tunasimama mlangoni na kupima unene wa ukuta.

Tufanye nini?

Siombi kila mtu ajenge kwa mbao. Mwenye uwezo wa matofali na moyo wa kukaa, ajenge, na Mungu amsaidie. Wala sisemi kwamba mnunuzi wa parseli hana haki. Alilipa pesa yake, na karatasi zake zilikuwa safi. Lakini desturi ya kweli inajua kwamba haki ya udongo na haki ya ujirani ni haki mbili, na ya kwanza haifuti ya pili. Hata mtu wa bwasa hakufukuzwa maharagi yakiwa yangali na maua. Alingojewa avune.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa baraza za avenue zetu, bila kungoja sheria kutoka Kinshasa. Kwanza, mtu asiondolewe kwa siku tatu kwa sababu tu nyumba yake inang'oleka. Apewe muda kadiri ya miaka aliyokaa, na watoto wamalize mwaka wa shule. Pili, mti uliopandwa machoni pa mwenye parseli bila yeye kukataza uhesabiwe, maana kunyamaza kwake kulikuwa ruhusa. Tatu, anayefika na nyumba yake juu ya chukudu apokelewe kama mtu anayekuja kukaa: aandikwe, ajulishwe kwa majirani, aitwe kwenye salongo na kwenye matanga. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hilo ndilo mlango wa kuingia "kwetu".

Kuhusu mama wetu, baraza lilikubaliana hivi. Atakaa mpaka shule zifunge. Mnunuzi atalipa chukudu mbili na mkono wa fundi. Na mti wa avoka hautakatwa bila yule mtoto kuitwa. Mnunuzi alikubali yote. Hakuna karatasi iliyomlazimisha. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema kwamba hata yeye kitovu chake kiko mahali asipoweza kurudi tena, juu ya vita. Mzee wa Bushi akanyoosha mkono na kumsalimia.

Siku ile ya kuhama niliwafuata mpaka avenue mpya. Kufika saa kumi na moja jioni kuta zilikuwa zimesimama, bado mabati. Jirani wa kwanza alikuja na makaa ya moto ndani ya kikaango kilichotoboka, akauliza: "Mama, mutoto wako anaitwa nani?" Hakuuliza nyumba ni ya nini. Mama akataja jina la mtoto, akapokea moto, akaweka mafiga yake matatu kwenye uwanja kwa sababu ndani hakukuwa na paa bado.

Tuwe majirani wa namna hiyo.